Makala za Chiriku

Mama Chiriku alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya watoto, na mwanawe ndiye aliyeendesha tovuti ya zahanati hiyo. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hakujua kunyamaza. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa, na humo ndimo alimomfundisha mama yake kazi ya kuweka makala kwenye tovuti.

"Mama, wewe andika maneno tu kwenye kisanduku hiki," alimwambia. "Kuyavalisha ni kazi ya mfumo. Hata kesho tukibadilisha rangi na herufi za tovuti nzima, maneno yako hayaguswi."

Mama akataka kujua kama mfumo huo unafua na kupiga pasi pia. Walicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni.

Kisha Chiriku aliugua ghafla, Mungu akamchukua. Mama alirudi kazini amekonda, akakabidhiwa pia tovuti. Kila alipofungua makala alikuta chini ya kichwa chake jina la mwandishi: Chiriku. Hilo lilimpa nguvu ya kuianza siku.

Siku moja daktari mkuu alimwita, akamweleza kwa upole kwamba kuna mtu asiyejulikana anajaribu kuingia kwa akaunti ya marehemu, hivyo haina budi kufutwa. Mama akaomba aifute mwenyewe, kama alivyozigawa nguo za mwanawe kwa mkono wake.

Alipobonyeza, mfumo ukamuuliza: makala za mtu huyu zifutwe zote, au zihamishiwe mwandishi mwingine? Akizifuta, kazi ya mwanawe imekwisha. Akizihamisha, jina lake litaondoka kila mahali kwa mpigo mmoja. Na mwandishi mwingine alikuwa yeye peke yake. Akasali kimoyomoyo, akajichagua.

Kufumba na kufumbua, kila ukurasa ulisomeka: Mama Chiriku. Jina la mtoto lilikuwa limo bado, nyuma ya neno mama, kama zamani alipokuwa akimfuata ameshika upindo wa gauni lake.

Asubuhi iliyofuata akaja mama mmoja na kichanga mgongoni. Akasema makala ya homa aliyoisoma kwenye tovuti ilimwokolea mtoto, akamshukuru kwa kuiandika.

"Si mimi, mwanangu," akajibu Mama Chiriku. "Ni kijana wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

Mama Chiriku akainama, akavuta kadi mpya, akauliza mtoto anaumwa nini leo.