Nani Yumo Ujiji

Maabara ya kompyuta ya chuo chetu hapa Tabora ina mashine zilizopangwa kutoka mlangoni hadi dirishani, na kila moja imepewa jina la kituo cha njia ya zamani ya misafara. Ya mlangoni inaitwa Bagamoyo, ya dirishani Ujiji. Mtu aliyezibatiza simjui, alikuwa ameshaondoka nilipofika, lakini namwombea heri popote alipo.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mtaa wa hapahapa mjini, baba yangu fundi cherehani. Kompyuta nilizozijua kabla ya chuo ni zile za steshenari: ulichoandika kwenye mashine hii kinabaki kwenye mashine hii, na usipokuja na flashi imekula kwako. Kwa hiyo wiki ya kwanza niliandika kazi yangu Bagamoyo, na kesho yake nikakuta kiti kimekaliwa. Nilikasirika, hasira zangu haziko mbali. Nikaenda kukaa Ujiji kwa kununa tu, nikaandika jina langu na nywila. Kazi yangu ikatokea palepale, yote, mpaka picha ya paka wetu niliyoiweka nyuma ya skrini.

Niliitazama Bagamoyo, nikaitazama Ujiji. Watu walitembea miezi kwa miguu kati ya miji hiyo, mizigo kichwani, wengine wakaishia njiani. Mzigo wangu ulikuwa umetangulia kufika bila mtu kuubeba. Nikasema "Mungu mkubwa!" kwa sauti, na maabara nzima ikanicheka.

Kubwa zaidi nililiona baadaye. Kwa baba, cherehani moja ni ya fundi mmoja. Wakiigombea wawili, uzi unakatika na maneno yanaanza. Mashine hizi, zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, hazijui ugomvi huo. Mmoja kakaa mbele ya Ujiji anaandika barua, mwingine yuko maktaba upande wa pili wa uwanja, naye ameingia Ujiji hiyohiyo kupitia mtandao, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Shida ni moja tu. Aliyekaa mbele akizima, anawazima wote waliomo, na wao hawaoni. Ndiyo maana siku ya kwanza mkufunzi alitupa desturi: kabla hujagusa kitufe cha kuzima, andika amri ya kuuliza nani yumo. Majina yatajipanga kwenye skrini. Ukikuta mtu, mwache amalize.

Wengi wetu tuliisahau kabla hatujafika mlangoni. Aliyeishika ni mama mmoja wa Nzega, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kusoma nasi. Tulimwita Mwalimu. Yeye aliuliza nani yumo hata wakati wa kukaa, na akiona jina la mtu alisema polepole, "Hodi, mwenzangu."

"Mwalimu, humo ndani wanakukaribisha na chai?" nilikuwa nikimtania.

"Cheka tu, mwanangu. Nyumba ya watu haiingiwi kama zizi."

Mwaka wa mwisho kazi yangu ilikuwa ya nyuki. Mjomba wangu wa Igalula ana mizinga porini, na makundi yalikuwa yakimhama bila kuaga. Nilirekodi sauti za mizinga yake, nikaandika programu ya kuzisikiliza na kutenganisha nyuki waliotulia na wanaojiandaa kuondoka. Rekodi zilikuwa nyingi mno. Siku moja kabla ya kuiwasilisha, programu ilikuwa bado inasaga ndani ya Ujiji tangu juzi yake, na haikuwa ikihifadhi kitu chochote mpaka imalize. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya wakufunzi na matokeo mkononi. Bila matokeo, narudia mwaka.

Mchana ule nilikuwa maktaba, nimeingia Ujiji kuichungulia, wingu lilipofunga. Watu wa huku hatuifanyii radi mchezo. Kioo kinafunikwa kanga, redio inachomolewa, hakuna anayesimama mlangoni, na sijaona nyumba ya Mwislamu wala ya Mkristo inayobishana na hilo. Radi ya kwanza ilipopiga, mama wa maktaba aliteremsha swichi kubwa na giza likaingia. Skrini yangu ikafa. Hiyo haikunitisha, kwa sababu nyuki wangu hawakuwa maktaba. Kilichonikata maini ni kujua kwamba kule maabara nako wamelelewa kama mimi, na muda huo wanachomoa.

Nilisubiri barazani, nikashindwa, nikakatiza uwanja mvua ikinipiga usoni.

Nyaya zote zilikuwa zimelazwa sakafuni. Wenzangu walijibanza katikati ya chumba, miguu juu ya viti. Dirishani, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingekaa siku ile, Mwalimu alikuwa chini ya meza ya Ujiji, kanga kichwani, amekumbatia yupiesi, lile boksi la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika. Boksi lilikuwa likilia pi, pi, pi. Alikuwa amelichomoa ukutani ili radi isipate njia, akaizima skrini ili betri isiliwe haraka, na mashine yenyewe ilikuwa bado inanguruma.

Huyu ni mtu ambaye radi iliua ng'ombe wa baba yake mbele ya macho yake. Alituambia mwenyewe.

"Mwalimu, toka hapo!" nilipiga kelele.

"Walitaka kuchomoa," alisema, bila kuliachia boksi. "Nikawaambia subirini, tuulize nani yumo. Nikakukuta wewe."

"Si ungewaacha tu wanizime!"

"Nikuzime na umo ndani?"

Niliingia chini ya meza, nikakaa kando yake na nguo zangu zinazochuruzika. Boksi likaanza kulia harakaharaka, dalili kwamba betri inakwisha. Nilinyoosha mkono nilirudishe ukutani, akanidaka. Radi ikapiga hapohapo, vioo vikatetemeka, akaufinya mkono wangu mpaka ukaniuma. Tulisubiri. Ngurumo iliyofuata ilitoka mbali, upande wa Igalula. Mwalimu akaizungushia plagi pembe ya kanga, akasema bismillah yake ya Kikristo, "Kwa jina la Baba," akaichomeka.

Boksi likanyamaza. Niliwasha skrini. Programu ilikuwa ikiendelea kuhesabu kana kwamba nje hakukuwa na kitu, na juu yake palikuwa na majina mawili, langu na lake. Nimesoma Linux miaka mitatu na naweza kueleza jinsi inavyogawa kazi za watu wengi. Hapo sakafuni kila kitu kilinitoka, nikabaki nashangaa tu, kama siku ya paka.

Kisha nikakumbuka kwamba Mwalimu hukaa mlangoni siku zote. Nikatazama Bagamoyo. Waya wake ulikuwa chini kama mingine.

"Mwalimu, na kazi yako?"

"Waliichomoa nikiwa huku." Alijitoa chini ya meza, akacheka. "Sura moja tu, sikuwa nimeihifadhi. Nitaiandika tena."

Kesho yake nilisimama mbele ya wakufunzi na nyuki wangu, nikafaulu. Nikatoka pale moja kwa moja hadi maabara. Alikuwa Bagamoyo, anaandika kwa kidole kimoja kimoja kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nipishe kiti, niandike mimi, wewe utakuwa unasema."

Alinipisha. Nilipokaa, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, niliuliza nani yumo. Jina lilikuwa moja, la kwake.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mwanangu," akajibu, akavuta kiti karibu, akaanza kunitajia sura yake neno kwa neno.