Mwalimu na Baiskeli ya Tairi Nyembamba

Jumamosi, nikitoka Kisaka kwenda Mugumu kwa bodaboda, tulimkuta mwalimu mmoja ameketi kando ya barabara, baiskeli mpya ya mashindano imelala pembeni yake. Alikuwa na kofia ngumu, glavu, miwani ya rangi ya machungwa na kaptula iliyombana hadi tukatazama kwingine. Kitu pekee alichokosa ni upepo kwenye tairi la nyuma.

"Pampu iko wapi?" dereva wangu akamuuliza.

"Si baiskeli ni mpya?" akajibu kwa unyonge.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mara akafika mama mmoja muuza maziwa, akiendesha baiskeli kuukuu yenye madumu mawili.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema haraka.

"Marahaba. Pole, mwanangu."

Akaegesha baiskeli yake. Alifungua kifuko chini ya kiti chake, akatoa kiraka, gundi na pampu, akaziba tairi huku mwalimu ameshikilia gurudumu.

"Hivi vitatu usikose kununua," akamwambia. Kisha akaigonga ile kofia kwa kidole. "Na hii wanauza wapi? Malori ya barabara hii yananitisha, na nina watoto nyumbani."

Hakuwa anatania. Mwalimu akainama, akamchorea vumbini njia ya kufika kwenye duka la kofia hizo pale Mugumu. Mimi na dereva tukapanda pikipiki yetu, vichwa wazi, na hakuna aliyecheka tena hadi tunafika.