Posa Iliyochekwa Chumbageni

Wasomaji, nina hasira hata nati za baiskeli za watu hapa Usagara nazikaza kombo. Mimi Mzigua, Zaituni Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani, hutaniana hata msibani. Kila akipita kibandani kwangu nilimwita mke wangu, naye hujibu, "Mume gani kanuka grisi?" Tukacheka, nami nikaamini tumeshaelewana.

Juzi nikaazima kanzu, nikaenda na mjomba kwao Zaituni, Chumbageni, akaniposee. Baba yake alicheka mpaka akakohoa.

"Wazigua mmezidi utani. Wapeni kuku waende zao."

Mjomba akaapa kuwa ni posa ya kweli. Nyumba nzima ikazidi kucheka, na mjomba, msaliti yule, akacheka nao. Nikasimama nikafoka, "Nampenda. Sitanii."

Kicheko kikakatika. Zaituni akatoka chumbani, macho mekundu.

"Muda wote huu nangoja useme hivyo," akasema, "wewe ukanipa mzaha tu. Jana kaja mwingine kuposa, nami nimemkubali. Sasa unamfokea nani?"