Tulivyolifukiza Gari Udi

Mie jina la mtu halinipotei. Nawakumbuka kwa majina watoto wote niliokaa nao mkeka mmoja chuoni Unguja, na mama zao, na paka wa mama zao. Lakini mke wa mwanangu kanambia, "Mama, andika yote uyatakayo, majina yaache." Basi nayaacha, ingawa yananiwasha ulimini.

Mwanangu alipostaafu serikalini tulidhani atashughulika na mitende. Tuna kishamba hapa Ibra kinachopata maji ya falaji kwa zamu, na mwanamume aliyestaafu hapa kwetu kazi yake hukaa ukingoni mwa mfereji akagombana na mwenzake juu ya zamu ya maji. Mwanangu hakugombana na mtu. Alikwenda Bidbid akarudi na gari la Kimarekani limepakiwa juu ya lori, la zamani, limeliwa na kutu, halina injini. Baadaye ikaja injini peke yake, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Akaitia, haikuenea. Akalikata boneti, kabureta ikabaki nje inachungulia, kama mtu aliyepanda ukuta kutazama harusi ya watu.

Aliyemsaidia ni binti yake, kitindamimba. Alianza yuko skuli, anampokeza babake spana. Mwisho spana zikawa zake, babake ndiye anayempokeza. Ana vidole vyembamba, vinapita pasipopita mkono wa mtu mzima. Akinipita ukumbini ananuka petroli, mie namwambia, "Mke mwenzangu, ukinuka hivyo mume atatuacha sote wawili." Na yeye hujibu, "Bibi, mimi namwachia wewe, nibakishie gari."

Kisha akaposwa na kijana wa Nizwa, mtu wa watu, hana neno. Hapo mamake akakata shauri moja: bibi harusi hagusi mafuta ya gari. Mwali akawekwa ndani, akasingwa mwili kwa liwa asubuhi na jioni, akakatazwa hata kulichungulia banda la gari. Wiki ile ile babake alikuwa katoka kulitia gari mabomba mapya ya moshi, kila upande lake, yanang'ara kama sinia la halwa. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Mie ndo kabisa, nilikuwa kwenye hesabu ya samli.

Haukupita mwezi gari likaanza kupiga.

Si wakati wa kwenda. Likienda lilikuwa linanguruma vizuri, mpaka vikombe vinacheza kabatini. Ni pale mwanangu anapoondoa mguu kwenye mafuta ili apunguze mwendo. Kimya kidogo, mfano wa mtu anayetaka kupiga chafya, kisha kule nyuma, dum. Kuku wakaacha kutaga. Mie mwenyewe mara ya kwanza nilikuwa nasali, nikasahau niko rakaa ya ngapi, nikaanza upya, likapiga tena.

Na jirani yetu wa ukuta mmoja, mzee wa Kiarabu wa huku huku Sharqiya, kakulia zama za harusi kupigwa bunduki bwana harusi akifika. Siku ya kwanza kusikia ule mlio alitoka mbio na dele la kahawa mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, bakora kaikwapia.

"Wamefika?" akauliza kwa Kiarabu.

"Bado, ami," mwanangu akamwambia. "Ni gari tu."

Mzee akalitazama gari, akamtazama mwanangu. "Basi kahawa imeshatiwa." Ikabidi tunywe. Kuanzia siku ile kila likipiga alikuja na dele lake, na mie nadhani baadaye alikuwa anajua vizuri kama si harusi.

Mke wa mwanangu hakucheka. Mwali alikuwa kashasema, "Mimi nitatoka na gari la baba," na mamake akamjibu mumewe, hakumjibu yeye.

"Sikiliza. Mwanangu hatolewi nyumbani kwa mizinga, akafikishwa Nizwa wakwe wamejificha chini ya vitanda. Alkhamisi ndo safari. Likipiga hata mara moja baada ya hina, atapanda jipu la mjomba wake."

"Jipu la mjomba wake lina baridi ndani kama friji," mwanangu akasema.

"Ndo zuri. Hina haitayeyuka."

Mwanangu alikikunja kitambaa chake cha mafuta, akakikunja taratibu kwa pembe nne kama mtu anayekunja msala. Mie nikaona. Alitaka kumpeleka mwanawe kwa mumewe kwa gari waliloliunda wawili, basi, hakuwa na haja nyengine duniani.

Akaanza kutafuta. Kwanza aliituhumu kabureta. Kabureta, kama hukuwahi kuiona, ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mie naifahamu kwa jiko la pampu, likizidi mafuta linatoa moshi, likizidi hewa linakohoa. Akaikaza skurubu yake, akapunguza petroli, akenda mpaka njia ya Al Qabil na kurudi. Likapiga zaidi. Akaifungua tena. Likapiga vile vile. Akatoa plagi zote akazipanga juu ya kitambaa changu cha meza, tena cha kufuma kwa mkono, akazitazama moja moja kama daktari wa meno. Plagi hazina kosa. Akafuata nyaya, pengine mbili zimebadilishana mahali. Hazikubadilishana. Akanunua taa ya kupimia kama moto wa plagi unakuja kwa wakati wake, nao ukawa unakuja kwa wakati kuliko yeye anavyokuja kula.

Kila jaribio lilikuwa na dum yake, na kila dum na kahawa yake. Tulikuwa hatulali kwa kahawa.

Mwali yuko dirishani kajifunika ushungi, anamwambia babake kwa ishara ya mkono: angalia chini, angalia mabomba. Mamake analifunga pazia.

Ikafika Jumatano, siku ya hina. Asubuhi likapiga mara mbili. Mke wa mwanangu akaja jikoni kaishiwa na subira.

"Mama, hili si gari bovu. Hili limepigwa kijicho. Watu wanasimama barabarani kulipiga picha, na hakuna hata mmoja anayesema mashallah."

"Ungesema zamani," nikamwambia. "Lete chetezo."

Mie sikuwa na hakika na kijicho, lakini kufukiza udi sikatai hata siku moja. Tukangoja mwanangu arudi kutoka kulijaribu. Aliporudi akazima, akaingia kuoga kakata tamaa, na sisi wawili tukatoka na chetezo, makaa yamekolea, udi mzuri ule wa harusi, si ule wa wageni wa kila siku. Nikauliza, gari hufukizwa wapi? Mtu hufukizwa nguo, na nguo hutandazwa juu ya chetezo ukaifunika ili moshi usipotee. Mke wa mwanangu akasema, "Mdomoni, Mama. Huko linakotukania."

Basi. Tukaanza upande wa kulia, kulia ndiko kwenye baraka. Nikaweka chetezo chini ya mdomo wa bomba, yeye akafunika juu kwa taulo. Moshi haukuingia hata kidogo. Ukaturudi wenyewe, tukakohoa mpaka machozi, tukashikana tunacheka kama wasichana walioiba maembe. Tukahamia kushoto. Nikaweka chetezo, akafunika taulo. Moshi ukaingia. Ukaingia wote, bomba linaunyonya, halibakishi hata wa kunukia sisi.

"Hili ndilo lenye kijicho," mke wa mwanangu akasema. "Ona linavyoula."

Mwali akapiga kioo cha dirisha. Alikuwa keshapakwa hina, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, mbichi, kainyanyua juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Akafungua dirisha kwa kiwiko. "Bibi, udi unatoka mbele."

Tukageuka. Kweli, pale ubavuni mwa injini, upande ule ule wa kushoto, kwa nyuma karibu na fimbo ya usukani, unapanda uzi mwembamba wa moshi, umenyooka, unanukia.

Mwanangu kasikia kelele, katoka na kikoi na povu kichwani, anadhani gari linaungua. Kakamata mpira wa maji. Nikamzuia. "Usimwagie. Huo ni udi wetu. Tumeutia nyuma, umetokea hapo."

Akasimama pale anatiririka maji, akautazama ule uzi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na kikoi chake kwenye vumbi.

Alipoweza kusema akatueleza. Pale bomba linapoungana na injini pana gasketi, kijibati laini cha kuziba. Ya bomba la kushoto imeungua, pamebaki ufa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, petroli isiyoungua inakimbilia bombani. Peke yake haina ubaya. Lakini bomba linavuta hewa kwenye ule ufa, hewa na petroli vinakutana ndani ya chuma cha moto, ndo hiyo dum. Bomba la kulia halikula udi kwa sababu ni zima, na moshi hauingii nyumba isiyo na pa kutokea.

"Na imeungua kwa nini?" mkewe akauliza.

Mwali ndiye aliyejibu, dirishani, mikono juu. "Mabomba mapya yakishapata moto mara mbili tatu yanalegea, lazima yakazwe tena. Bolti ya mwisho iko nyuma ya fimbo ya usukani. Mkono wa baba haupiti. Wangu ndo unapita." Akamtazama mamake kwa adabu zote. "Na mimi nilikuwa nasingwa."

Mke wa mwanangu akakitazama chetezo. Akasema, "Mimi nilidhani kijicho ni cha nje."

Gasketi za akiba zilikuwepo bandani. Mwanangu akalifungua bomba, akakwangua, akatia mpya, akakaza bolti zote alizozifikia. Ikabaki ile moja. Akaingiza mkono, ukakwama kwenye kifundo. Akaupaka sabuni, ukakwama pale pale. Kuifungua fimbo ya usukani ni kazi ya siku nzima, na siku nzima hatuna. Mwali akasema, "Naja, nitaosha hina," na mamake, yule mwanamke aliyempaka hina, na mie tukasema "Hapana" kwa sauti moja.

Nikautazama mkono wangu. Uzee umeukausha, umekuwa mdogo kama wa mtoto wa chuoni. Nikavua bangili.

"Mama, hujapata kushika spana," mwanangu akasema.

"Babako nilimkaza mpaka akanyooka. Bolti ndo itanishinda?"

Wakaniwekea kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikapanda. Nikainama ndani ya yule ng'ombe wa injini, mkono ukapita, kumbe umepita wenyewe kama unaingia mfukoni. Sioni kitu. Mwali kaletwa mpaka bandani, miguu mitupu, mikono juu, ananipa maneno.

"Bibi, unagusa kitu cha duara?"

"Naona ni gololi."

"Si hicho, shuka kidogo. Kina pembe sita."

"Nimekipata. Kiko moto, mwanahizaya."

"Tia spana. Sasa vuta kwako. Kidogo. Tena. Usikate tamaa, Bibi."

"Nani anakata tamaa? Nipishe."

Nikavuta mpaka likagoma. Akanambia ongeza robo. Nikaongeza robo. Nilipotoka nilikuwa na grisi mpaka kwenye kwapa na kanga yangu mpya imekwisha, na yule mpakaji hina akasema yangu imekolea kuliko ya bibi harusi. Sikuiosha. Nilikwenda nayo harusini, chini ya kucha.

Mwanangu alitaka kulijaribu jioni ile. Mkewe akamkataza. "Tutajua njiani," akasema, na kauli hiyo sote tuliielewa: katukubalia.

Alkhamisi tukatoka, mwanangu usukanini, mwali mbele ubavuni kwake, mke wa mwanangu na mie nyuma, jipu la mjomba linatufuata tupu kwa tahadhari. Kufika karibu na Bidbid, pale njia inapoteremka, mbele yetu magari yakapunguza. Mwanangu akaondoa mguu kwenye mafuta.

Kimya kidogo, kile kile cha kutaka kupiga chafya. Mke wa mwanangu kanishika goti. Mwali kafumba macho. Gari likateremka linaguna, linaguna taratibu kama paka aliyeshiba, likafika chini, wala halikusema kitu.

Nikasikia sauti ndogo ubavuni kwangu, ya mke wa mwanangu.

"Hebu kanyaga tena."

Akakanyaga. Tukaingia njia ya Nizwa ushungi umenitoka kichwani, jipu la mjomba halionekani tena kiooni, na simu ikalia. Alikuwa jirani, analalamika kwa Kiarabu: kasubiri na dele lake tangu asubuhi asikie mlio atoke kutuaga, hakusikia kitu, na sasa kahawa hii nani atakunywa?