Nilimpeleka rafiki yangu mwanajeshi kwenye posa, nusra nirudi bila mke

Wakuu, salaam alaykum. Haya ninayoyaandika wallahi sikuyatia chumvi, na mwenye kubisha aje Magogoni nimuoneshe mhusika.

Nina rafiki tangu utotoni, Salim. Zamani tukimwita Kesho. Ukipanga naye saa nne anatokea saa saba, na akija anauliza kama chai ipo.

Akaenda jeshi miaka mitatu. Majuzi kaja likizo, simjui.

Alfajiri ashafagia uwanja wa mamake na wa jirani. Viatu vyote vya barazani kavipanga mstari. Mamake analia kwa furaha, sisi tunalia kwa usingizi.

Sasa mimi nilikuwa na posa yangu Jomvu Kuu, kwa kina Rukia. Msichana nimemsubiri miaka minne, na babake hataki mchezo. Nikamchukua ami yangu Twahir awe msemaji, na Salim ili nijigambe kidogo kuwa nina rafiki afande.

Tukakaribishwa chakula kwanza. Sinia moja la pilau, sisi watatu na baba Rukia.

Adabu ya sinia mwaijua. Mnakula taratibu huku mkizungumza, na mgeni mmoja akinyanyua mkono kuwa kashiba, wenziwe nao hunyanyua. Mbele ya wakwe nani ataka kuonekana mlafi?

Bismillahi, Salim akazama.

Dakika tatu hazikufika, upande wake mweupe. Akasema alhamdulillah, akainuka, akasimama wima ukutani.

Ami Twahir kamtazama, kamtazama tena, akanyanyua mkono. Na mimi nikanyanyua, na njaa yangu. Nyama nilikuwa sijaigusa, wakuu.

Baba Rukia kanuna. Nyuma ya pazia tukamsikia mkewe: "Kumbe pilau langu limewashinda. Basi na binti yangu atawashinda."

 Ami, msemaji wetu, akajitia kupangusa vidole.

Ndipo Salim akasema, sauti ndogo: "Mama, niwie radhi. Kule ukichelewa kumaliza, unainuka na njaa yako. Nimesahau kula na watu."

 Kesho wetu, mtu wa maneno mengi, macho yamemlowa. Hasira zote zikaniisha.

Mama akatoka na sinia la pili, akalitua, akasimama mlangoni. "Kaa, mwanangu. Hainuki mtu hapa mpaka niseme mimi."

"Ndiyo, afande," Salim akajibu, akaketi.

Tulikula mpaka adhana ya alasiri. Salim akiharakisha tu, mama anakohoa. Posa ikapokewa, alhamdulillah.

Nilichojifunza ni hiki, na naona haya kukisema. Kabla ya posa, Salim alikuwa na wiki nzima nyumbani. Nilimzungusha mtaa mzima kumuonesha watu, lakini sikukaa naye kitako tukala.

Sasa kila Ijumaa twala pamoja kwetu. Ashafika dakika ishirini kwenye sinia.

Wenye jamaa zao jeshini, wenu walirudi na lipi? Semeni hapa, nitasoma baadaye. Sinia lishatengwa, na Salim kakaa mbele yake mikono mapajani, ananisubiri mimi nianze.