Punda wa Bibi na Sindano ya Farasi Wangu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mie. Nasema hivyo bila aibu, rafiki yangu, kwa sababu nimeyaona. Nimeuza maji ya mifuko Ubungo stendi ilipokuwa stendi, nimebeba magunia Kurasini, na shule niliiacha darasa la tano kwa miguu yangu mwenyewe. Leo nina malori matatu, nyumba ya ghorofa Kinyerezi, na farasi. Ndiyo, farasi, jike jeupe, wa kubeba mabwana harusi. Kwato zikilia, mtaa mzima unatoka nje. Mtu wa aina yangu humuuzii mbuzi kwenye gunia.

Ila siku ile daktari wa mifugo alipofungua mkoba wake bandani kwangu, harufu ya spiriti ilinipiga puani, nikajikuta nina miaka minane, niko Mbagala, uani kwa bibi.

Mbagala ile ilikuwa mikorosho na minazi, na mchanga unaochoma nyayo kuanzia saa nne asubuhi. Bibi yangu mzaa mama alikuwaga na punda jike, mjomba alimleta kutoka Kondoa. Punda huyo alikokota mkokoteni wa nazi na makuti mpaka sokoni Temeke. Kazi yangu ilikuwa kumkatia majani kabla ya shule, kumwekea pumba kwenye beseni lililotoboka, na kumsugua mgongo kwa gunzi la mahindi. Nikimaliza napewa chai ya mchaichai na muhogo wa jana uliofukiwa kwenye majivu ya moto. Mpaka leo nikisikia beseni linaburuzwa sakafuni, mate yananijaa.

Jirani yetu alikuwa mchoma chokaa, na alikuwa na punda dume wa kupandisha, ila kila mara alitaka alipwe. Bibi hakuwa mtu wa kulipia kitu kilichokuwa upande wa pili wa ua. Ijumaa moja, mchoma chokaa akiwa msikitini, bibi alimfungua punda wetu akamwingiza kwa yule dume. Mie niliwekwa njiani, nikohoe akitokea mtu. Nilikohoa mara mbili bure, kwa woga tu.

Jioni ile alinikalisha kwenye mkeka. "Ukiulizwa punda kapandwa, sema hajapandwa. Ukiulizwa tena, sema humjui huyo punda."

Kwetu mimba haikusemwa, ya mtu wala ya mnyama. Macho ya watu yaliogopwa, na hata mama muuza mkaa, aliyekula kwetu kila Idi, bibi alimkalisha mbali na banda. Akaja bwana mifugo na baiskeli yake, na mkoba wenye harufu hiyo hiyo ya spiriti, akamtazama punda ubavuni.

"Bibi, huyu si ana mimba?"

"Ana gesi, mwanangu. Kala maganda ya muhogo."

Bwana mifugo akaandika kwenye daftari lake, akaenda zake. Mwaka ulipozunguka, asubuhi moja tukakuta mtoto wa punda kasimama, miguu inatetemeka, masikio marefu kuliko akili yake. Bibi alipika vitumbua, akawapelekea majirani wote, mchoma chokaa akiwa wa kwanza. Nilijifunza siku ile kwamba mtu anayefunga mdomo hula vitumbua. Nimefanya biashara miaka yote kwa somo hilo.

Sasa rudi nami Kinyerezi. Nilitaka mtoto wa farasi, nikasikia dume mrefu kutoka Arusha atakuwa mjini kwa wiki moja tu. Mwenye dume alitaka hela yote mbele, na hairudi. Nililipa, lakini jike langu halikuwa na dalili ya joto, ile hali ya kutaka dume, kabisa. Ndiyo nikamwita daktari, binti mdogo, mkoba mdogo, sauti ya upole. Watu wa sauti ya upole nawahofia sana.

"Shikamoo baba. Ipo sindano ya homoni, itamrudisha mwanzo wa mzunguko wake. Siku tatu nne atapata joto. Lakini kwanza, amekutana na dume siku za karibuni?"

Hapo, rafiki yangu, nikakohoa.

Ukweli ni kwamba mwezi mmoja nyuma, kwenye harusi Tabata, mshindani wangu alifunga farasi wake dume karibu na jike langu, akaenda kula pilau. Siku hiyo jike langu lilikuwa kwenye joto, halitulii. Nikafungua kamba. Mambo yalikwisha kabla sahani yake haijaisha. Sikudhani kama yule dume mkondefu ataacha kitu, na sikutaka jina langu lifike kwa mwenyewe kupitia mdomo wa daktari.

"Hajakutana na dume," nikasema. "Huyu mwari kabisa."

"Basi tumpime tumboni kwa mashine tuwe na uhakika. Elfu sitini tu."

Nikacheka moyoni. Elfu sitini ya kutazama tumbo tupu! "Mwanangu, choma sindano."

Binti yangu mkubwa, mwenye ujauzito wa miezi sita, alikuwa amesogea kutazama. Daktari akamzuia kwa mkono. "Dada, rudi nyuma. Mwenye mimba hagusi hata chupa ya dawa hii."

"He! Basi mie nipo zangu mlangoni," binti yangu akasema. "Baba, umesikia lakini?"

Nilisikia. Nikaona ni maigizo ya kupandishia bei. Na kichwani nilikuwa na hesabu yangu nyingine: dawa ya uzazi ni kama mbolea, hata kama kuna kitu humo ndani, si kitazidi kushika?

Haikupita nusu saa, farasi akalowa jasho, akawa anajigeukia tumbo. "Umemwekea sumu?" nikauliza. Daktari akasema dawa hiyo huwatoa jasho, itapita. Ikapita kweli. Nikabaki kumhofia zaidi, maana mtu akisema kitu kikawa, nahisi alipanga.

Siku ya nne nikakuta kwenye maranda ya bandani kifuko kidogo, chembamba, cha maji maji, kama yai lisilo na ganda. Nikamwita daktari, akakigeuza kwa kijiti.

"Baba, alikuwa na mimba. Kama ya mwezi mmoja."

Nikakifunika kile kifuko kwa maranda kwa ncha ya kiatu.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Sasa ulinificha nini, baba yangu? Ningejua, ile sindano nisingeigusa."

Ningemwambia kwamba bibi alinikataza? Tumbo la farasi likahitaji kusafishwa na dawa nyingine, wiki ikaisha, dume la Arusha likapanda gari likarudi kwao.

Usiku huo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho miaka yote nilikiruka. Wiki tatu baada ya ile Ijumaa, bibi alimpitisha punda mbele ya yule dume. Punda akalaza masikio, akarusha teke. Bibi akatabasamu, na tangu siku hiyo nazi nzito alizibeba yeye kichwani. Kumbe alikuwa na kipimo chake: jike lenye mimba humkataa dume. Jike langu nalo lilikataa joto, nami nikaona ni ubovu wa kutengenezwa kwa sindano.

Nilipita Mbagala juzi. Palipokuwa banda pana duka la simu, mkorosho hata kisiki hakuna, na hakuna tena jirani wa kumficha kitu, kila mtu ana ukuta. Nilichobaki nacho cha bibi ni ule mdomo wa kufunga. Macho yake ya kumsoma mnyama yalikuwa mbele yangu pale pale uani, sikuyachukua. Yule mtoto wa farasi angezaliwa, ningemsugua mwenyewe, ningewapikia vitumbua Kinyerezi nzima, na mshindani wangu awe wa kwanza.

Nikijumlisha dume la Arusha, sindano na matibabu, kukataa kipimo cha elfu sitini kumenigharimu milioni moja, laki tisa na elfu sitini.