Onyesho la Maji la Dada Salima

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya plastiki iliyopata moto hainipiti hivihivi. Juzi umeme ulikatika hapa Masasi ninapoishi, jirani yangu mwenye saluni akawasha jenereta lake, na mimi niliyekuwa nikipeta mchele uani nikajikuta nimesimama na ungo mkononi. Mwanangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, nikaketi tena, lakini akili ilikuwa imeshapanda Newala, kwenye banda la video la mjomba wangu, ambako dada yangu Salima ameinamia boksi la kanda huku akiimba kwa sauti ya chini.

Nikueleze kwanza hilo banda, maana bila hilo hutanielewa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakaanza kuchagua sabuni kwa rangi. Mjomba Bakari, kaka yake mama, alikwenda Dar es Salaam akakaa huko mpaka tukadhani ametutupa, kisha akarudi juu ya lori la mizigo na televisheni, deki na jenereta, vyote vimefungwa kwenye magodoro kama wagonjwa. Alijenga banda la miti na udongo, akaziba madirisha kwa magunia ili mchana uwe giza. Jioni aliwaonyesha wanaume filamu za ngumi. Jumamosi mchana ilikuwa yetu watoto. Kiingilio chetu kilikuwa bakuli la karanga au, kiangazi kikikolea, kopo la maji, ulilolimimina mwenyewe kwenye pipa la mlangoni huku mjomba akikukodolea macho kuhakikisha hukulijaza nusu. Usicheke. Kwetu tulikuwa tunateremka genge hadi bondeni kufuata maji, na kupanda tena na ndoo kichwani, shingo imekakamaa, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mtoto aliyeiba kopo la maji nyumbani kwao alichapwa kuliko aliyeiba sukari.

Katuni zenyewe zilikuwa kwenye boksi aliloachiwa mjomba na mganga mmoja Mzungu wa hospitali aliyekuwa akirudi kwao. Zilikuwa za zamani sana, nyingi nyeusi na nyeupe, nyingine zilichorwa kabla mama yangu hajazaliwa. Wanyama wake walikuwa na macho makubwa na miguu laini kama kamba, nao walicheza ngoma hata pale walipokuwa wakikimbia kuokoa roho zao. Hawakusema neno. Kulikuwa na tarumbeta na vinanda tu, kwa hiyo hatukuhitaji mtu wa kututafsiria. Tabu ni kwamba zilirekodiwa ovyo kutoka kwenye televisheni za huko kwao: kiboko, kisha tangazo la sabuni, kisha nusu ya mpira, kisha jogoo anayepiga fidla. Mjomba alikuwa anatumbukiza kanda yoyote iliyokaa juu, nasi tukamwona jogoo yuleyule Jumamosi baada ya Jumamosi hadi watoto wakaanza kubaki na karanga zao.

Aliyeliokoa banda ni Salima. Alikuwa amenitangulia kwa miaka michache, msichana mwembamba mwenye mwanya na kicheko kilichokuwa kikimtoa machozi. Alimwomba mjomba amwachie lile boksi, akakaa nalo siku nzima, akatuambia kila Jumamosi sasa itakuwa na jambo lake. Alichana kanga kuukuu ya mama akafunga nyuzi kwenye kanda: nyuzi nyekundu kwa katuni za moto, nyeusi kwa za usiku na bundi, za bluu kwa za maji. Kwa kuwa kila katuni ilikuwa imejificha katikati ya vitu vingine, alijifunza kuifikia kwa wimbo. Kanda ikifika mwisho alibonyeza kitufe cha kuirudisha, akaimba wimbo wetu wa kutwanga kwa mwendo uleule siku zote, na alipofika kwenye kiitikio alisimamisha. Kiboko alikuwa pale, mguu mmoja ndani ya beseni. Mjomba alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao. Punde akaanza kutangaza barabarani kwamba Jumamosi hii ni ya moto, au ni ya usiku, na watoto wakaja hata kutoka vitongoji vya mbali.

Lililovuma kuliko yote ni onyesho la maji. Nadhani hakuna mahali popote duniani ambapo katuni zile zilitazamwa kwa uchungu kama Newala. Kiboko alioga akamwaga pipa zima. Mvua ilinyesha ndani ya nyumba, samaki wakaogelea jikoni, meli ikazama na mabaharia wake wakicheza. Sisi watoto tulipiga kelele za furaha, na akina mama waliokuwa wakichungulia mlangoni waliguna. Bibi yetu aliletwa siku moja kuona, akatazama mpaka mwisho.

"Wanaoga kutwa nzima hawa," alisema. "Nani anawatekea?"

Mimi nililipenda onyesho hilo kiasi cha kuliota. Nilikuwa nikicheka hadi naanguka mgongoni mwa Salima, naye akicheka kwa sababu mimi nimecheka, tukawa tunaambukizana hivyo hadi mjomba atutishie kututoa nje. Hilo ndilo lililokuwa langu duniani. Sikuwa na kingine nilichokipenda namna ile.

Mavuno yalipokwisha mwaka huo, mama alisema Salima ataingia unyagoni pamoja na wasichana wengine wa mtaa wetu. Tulijua maana yake kwa juujuu tu, kwamba atakaa ndani, atafundwa na kungwi, kisha atatolewa kwa ngoma, mafuta na nguo mpya. Kwangu ilikuwa sherehe. Salima alikwenda kumwomba mjomba siku ya kutolewa kwao kuwe na onyesho kubwa la katuni, bure kwa wote, nasi tuliogopa kwamba atasema petroli ni ghali, maana ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila kitu. Mjomba hakutaja bei. Akasema sawa, na petroli atatafuta ya kutosha, na akiwa na jingine analotaka aseme.

Tulipanga siku zile kama watu wenye banda lao. Salima aliamua liwe la maji tupu, mwanzo hadi mwisho. Lianze na vyura wadogo ili watoto watulie, kisha kiboko, kisha mvua ya ndani ya nyumba, na meli iwe ya mwisho. Alinifundisha wimbo wa kurudishia kanda, akaniimbisha mpaka nikaupatia mwendo, kwa kuwa yeye siku hiyo angekuwa mgeni wa heshima na asingegusa deki. Nilimuuliza atakaa wapi. Alisema mbele kabisa, kwenye mkeka, na mimi nikae nyuma yake. Kisha akaniuliza kama nimefurahi. Nilimwambia ndiyo, naye akaendelea kufunga nyuzi.

Alipoingia ndani, nyumba ilikuwa baridi. Nililala peke yangu kwenye kitanda chetu cha kamba na nikawa nasikia ngoma upande wa pili wa mtaa bila kujua wanamfanya nini. Nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kuitaja, kwamba atakayetoka si yule aliyeingia. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi vilevile. Nikajiambia onyesho ndilo litakalomrudisha: akimwona kiboko atacheka, na akicheka basi ni yeye. Nilimuuliza mama kama mwali huruhusiwa kutazama video. Mama alikuwa anabangua karanga. Alisema mtoto haulizi ya unyagoni. Nilimuuliza kungwi mwenyewe, bibi mnene aliyekuwa akipita kwetu kuchukua unga, akanipapasa kichwa akaenda zake. Mjomba ndiyo kabisa, mwanamume hawezi kusema mambo yale. Watu wazima wote walijua kitakachotokea, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa kuwa nilikuwa sijachezwa unyago. Walituacha tuendelee kuandaa.

Siku ilifika. Waliwatoa mchana, wamepakwa mafuta mpaka wanameta, kanga mpya kichwani zimeteremshwa hadi usoni. Sikumtambua Salima hadi nilipoiona miguu yake. Baada ya ngoma na zawadi waliletwa bandani wakiwa wameshikwa mkono, wakaketishwa kwenye mkeka wa mbele kama alivyosema. Watoto walijaa hadi wakakaa mapajani mwa wenzao. Nyuma walisimama wanaume wachache, na mmoja wao alikuwa rafiki wa mjomba, mfanyabiashara wa mitumba kutoka upande wa Chiwata, mtu wa makamo, mchangamfu, aliyekuja na peremende akatugawia. Nilimpenda.

Niliimba wimbo kimoyomoyo, kanda ikasimama palepale panapotakiwa, nikarudi kuketi nyuma ya Salima. Vyura wakatokea. Banda zima lilicheka, na mimi nikainama kumwangalia dada yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho kwenye mkeka, mikono mapajani. Wenzake vivyo hivyo. Mwali hainui macho mbele za watu, wala haonyeshi meno; ndivyo heshima aliyofundishwa inavyomtaka, na siku ile ndiyo siku ya kupimwa. Sasa najua. Wakati ule niliona tu safu ya migongo iliyoinama, mwanga wa televisheni ukicheza juu ya mafuta ya shingo zao, na mbele yao kiboko anamwaga maji.

"Dada," nilinong'ona. "Kiboko huyo."

Hakugeuka. Kungwi alinitazama kwa jicho lililonirudisha mahali pangu. Nikajiapia kwamba sitacheka mpaka yeye acheke. Mvua ilinyesha ndani ya nyumba, watoto wakalia kwa kicheko, yule mfanyabiashara akicheka kuliko wote na kupiga makofi. Samaki wakaingia jikoni. Meli ikazama taratibu na mabaharia wake wakicheza, na mimi nikiwa nimeuma midomo nikitazama mgongo wa Salima, nikisubiri utikisike hata kidogo. Haukutikisika. Mjomba akazima jenereta, na wasichana wakainuliwa wakaondoka na kanga zao usoni.

Hakurudi kitandani kwetu. Alilala chumba cha bibi, na kabla ya mikorosho kuchanua vizuri akaolewa na yule mtu wa peremende, akapelekwa Chiwata. Darasa la saba hakulimaliza. Mimi nilikataa kukanyaga bandani, na baada ya muda mjomba aliuza deki, kwani televisheni zilikuwa zimeanza kuenea na watu hawakutaka tena vya kwake. Nilimchukia Salima kwa muda mrefu. Niliamini kwamba aliniona mtoto, akaona haya kucheka na mtoto.

Tulikuja kuzungumza tukiwa watu wazima, kwenye msiba wa mjomba. Mama ndiye aliyeanza. Alisema mjomba, ambaye kwetu ndiye anayeombwa binti, alikuwa ameshatoa neno kwa yule rafiki yake hata kabla Salima hajaingia ndani, na ndiyo maana alitukubalia kila tulichoomba. Moyo ulikuwa unamsuta na hakujua namna nyingine ya kusema. Mama alisema hayo akaenda kuangalia maji ya kunawa wageni. Tukabaki wawili na sinia la mchele. Salima alikuwa amezeeka kuliko umri wake, mikono imepasuka kwa jembe, mwanya bado uko lakini hauonekani mara nyingi. Nikamuuliza lile lililonikaa miaka yote, kwa nini alipanga onyesho ambalo hakuweza kulitazama.

"Nilijua sitaliona," alisema. "Waliotutangulia walikuwa wameshanidokeza. Nilikupangia wewe."

Nikamuuliza, basi pale mkekani alikuwa anawaza nini.

"Nilikuwa nasikiliza ucheke. Kicheko chako nakijua hata katikati ya watu mia. Kiboko akapita, mvua ikapita. Nikawa nasema labda kwenye meli." Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Hukucheka, mdogo wangu."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani, akaendelea kuchambua, na mimi nikalia pale msibani watu wakadhani namlilia mjomba. Sikumweleza siku hiyo kwa nini sikucheka, na hadi leo kila nikimpigia simu nafika ukingoni mwa jambo hilo nikageuza maneno. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa. Alikuwa ananisubiri mimi nianze, na mimi nilikuwa namsubiri yeye.